UZI: Kuusoma mji wa kale kwa ramani za zamani na majina ya mitaa yaliyobadilishwa

#1 Mpima_Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, swali hili halikauki: "Nina ramani ya zamani, nina anwani ya jengo, mbona havikutani?" Ni kwa sababu anwani ya kale imebeba jina, namba na mwaka, na jina na namba hubadilika kila kimoja kwa wakati wake, bila kusubiriana. Kinachokaa pale pale muda mrefu ni kona. Kwa hiyo shabaha ya uzi huu ni moja: anwani igeuzwe kuwa kona kwanza, ndipo itafutwe kwenye ramani ya leo.

Anza na tarehe ya ramani. Karatasi moja huweza kuwa na tarehe tatu: ya kupimwa, ya kurekebishwa na ya kuchapwa. Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, huziandika pembezoni, na karatasi iliyochapwa 1896 inaweza kuwa na mitaa iliyopimwa 1873. Ramani zao za toleo la kwanza za inchi moja kwa maili ni mtego zaidi: reli ziliongezwa kwenye bamba lilelile la kuchapia huku tarehe ya pembeni ikiachwa ilivyo. Unakuta ramani ina tarehe ya kabla ya reli, na reli imo. Usibishane nayo. Tafuta kitu kipya kuliko vyote kilichochorwa ndani yake, hicho ndicho kinachokupa umri wa nakala uliyoshika.

Halafu jiulize kama mtaa ulikuwepo au ulikusudiwa tu. Mpango wa makamishna wa Manhattan wa 1811 ulichora mitaa hadi wa 155 wakati sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa bado mashamba na vilima. Mtu akiusoma kama picha ya mji wa 1811 ataona mji ambao haukuwepo. Kinyume chake pia kipo. Nafasi nyeupe kwenye ramani ya kikoloni haina maana kwamba hapakuwa na watu. Mara nyingi maana yake ni kwamba mpimaji hakutumwa kupima nyumba zao.

Skeli ndiyo inayoamua ramani itakujibu nini:

1:63,360 (inchi moja kwa maili): barabara kuu, mito, reli. Usiitafutie nyumba.
1:10,560 (inchi sita kwa maili): mitaa na vitalu vya majengo.
1:2,500: jengo mojamoja, vichochoro, visima.
1:600 na kubwa zaidi: ramani za bima ya moto. Hapa unapata ghorofa, ukuta na hata matumizi ya jengo.

Hizo za bima ndizo tamu kuliko zote. Za kampuni ya Sanborn huko Marekani zilichorwa futi 50 kwa inchi, yaani 1:600. Waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. D ni makazi, S ni duka, na tarakimu kwenye kona ya jengo ni idadi ya ghorofa. Za kampuni ya Goad kwa London zilianza miaka ya 1880 kwa futi 40 kwa inchi, yaani 1:480. Tahadhari mbili. Nakala iliyotoka kwenye mikrofilamu ni nyeusi na nyeupe, rangi zote zimepotea. Pia wateja wa Sanborn waliletewa vipande vya masahihisho na kuvibandika juu ya karatasi ya zamani, hivyo jalada linaweza kusema mwaka mmoja na ndani mna majengo ya miaka mingi baadaye. Ukiona mstari wa gundi au kipande chenye weupe tofauti, hicho kina tarehe yake.

Pa kuzipata bure: Maktaba ya Taifa ya Scotland (kwa Uingereza nzima, na unaweza kuweka ya zamani na ya leo ubavu kwa ubavu), Library of Congress kwa Sanborn, mkusanyiko wa David Rumsey, Gallica (maktaba ya mtandaoni ya taifa) kwa Ufaransa, na OldMapsOnline ukiwa hujui pa kuanzia.

#2 KonaYaPili

Mkuu uzi mzuri. Swali la kiufundi. Karatasi ya 1:2,500, upana sentimita 60, imeskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Ndani ya QGIS, programu ya ramani, nimeifunga kwenye ramani ya leo kwa pointi nane, zote kwenye barabara kuu inayoshuka upande wa magharibi kwa sababu makutano yake hayajabadilika. Kosa la wastani linasoma pikseli 4. Ila upande wa mashariki mitaa imehama karibu mita 15. Kosa ni dogo, imekuwaje?

#3 Mpima_Karatasi

Mkuu KonaYaPili, umejibu mwenyewe uliposema "zote kwenye barabara kuu".

Tupige hesabu. Kwa dpi 300 pikseli moja ni milimita 0.085 ya karatasi. Zidisha kwa 2,500: sentimita 21 ardhini. Pikseli 4 ni kama sentimita 85, hapo huna kosa. Lakini karatasi ya sentimita 60 ni mita 1,500 ardhini, na pointi zako zimebanana kwenye ukanda wa labda mita 100. Ni ubao uliopigwa misumari upande mmoja: ukicheza mita moja pale penye misumari, ncha ya pili inacheza mita 15. Programu haiwezi kukuonya, maana inapima kosa pale ulipoweka pointi tu.

Fanya hivi:

1. Pointi nne za kwanza ziende karibu na pembe nne za karatasi, ya tano katikati. Baada ya hapo jaza mapengo. Kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa karatasi moja.
2. Chagua pembe za majengo ya ibada, ya serikali ya zamani, au pembe za vitalu vya kale. Usitumie katikati ya barabara, kwani barabara hupanuliwa, mara nyingi upande mmoja. Usitumie ukingo wa mto wala wa bahari. Daraja lichunguze kwanza, mengi yamejengwa upya mita kadhaa kando ya lile la awali.
3. Weka pembeni pointi tatu au nne bila kuzitumia. Ukimaliza, pima zimekaa umbali gani kutoka mahali pake pa kweli. Hilo ndilo kosa lako halisi.
4. Hifadhi faili la pointi. Siku utakapotaka kurudia kwa njia nyingine hutaanza upya.

Njia ya kunyoosha inategemea kilichoipata karatasi. Karatasi ya kale husinyaa, na haisinyai sawa: kwa urefu wa nyuzi zake na kwa upana hutofautiana. Asilimia 1 ya sentimita 60 ni milimita 6, na kwa 1:2,500 hiyo ni mita 15. Njia ya Helmert inakuza na kuzungusha tu kwa kipimo kimoja pande zote, haiwezi kurekebisha hilo. Polinomia daraja la 1 inaweza, kwa kuwa inanyoosha kila upande kivyake. Ya daraja la 1 inahitaji pointi 3, la 2 inahitaji 6, la 3 inahitaji 10. Hizo ni za chini kabisa, na ukiweka idadi ya chini kabisa kosa litasoma sifuri hata kama pointi moja iko mtaa wa pili. Weka angalau mara mbili ya hapo.

La mwisho, ukitaka kupima umbali tumia kanda ya UTM ya mji husika (gridi ya mita iliyoigawa dunia kwa kanda). Ule mfumo wa ramani za mtandaoni, EPSG:3857, unavuta urefu kadiri unavyoondoka ikweta. Kwenye latitudo 60 mita moja inasomeka mbili.

#4 Skrini_Pana

Mbona mnajitesa? Chagueni Thin Plate Spline, kosa sifuri, kazi imekwisha.

#5 Mpima_Karatasi

Sifuri hiyo ni ya lazima mkuu. Njia hiyo inavuta karatasi mpaka ipite katika kila pointi, iwe sahihi au ya uongo. Ukikosea kona moja, mtaa mzima unapinda kuifuata na jedwali linaendelea kukuambia mambo safi. Ina mahali pake: ramani zilizochorwa kabla ya upimaji wa pembetatu, au karatasi iliyokunjika ikavimba. Ila kwanza pitisha daraja la 1, angalia pointi ipi ina kosa kubwa kuliko wenzake, isahihishe au ifute, ndipo uhamie huko.

Na kuna ramani zisizofaa kwa njia yoyote ile. Ramani ya Turgot ya Paris ya 1739, karatasi 20, imechorwa kama mtu anautazama mji kwa mshazari kutoka juu. Kaskazini haiko juu, na majengo yanafunika mitaa iliyo nyuma yake. Hiyo isome kwa macho, usiinyooshe.

#6 Longitudo_Ovyo

Naongezea moja linalowakwamisha wengi. Ramani ina gridi ya longitudo, unaingiza namba zake kama zilivyo, mji unaangukia pengine kabisa. Angalia mstari wa sifuri. Greenwich ilikubaliwa kwenye mkutano wa Washington wa 1884, lakini ramani za Kifaransa ziliendelea kuhesabu kutoka Paris, ambayo iko 2°20′14″ mashariki ya Greenwich. Za Kijerumani na Kiaustria nyingi zilihesabu kutoka kisiwa cha Ferro, takriban 17°40′ magharibi ya Greenwich. Kama mji umehama nyuzi mbili na kitu au kumi na saba na kitu, si kosa la skani.

Pia usiamini skeli iliyoandikwa kwa tarakimu kwenye picha ya kitabu. Picha ikipunguzwa, tarakimu haipungui. Mstari wa skeli uliochorwa ndio unaopungua pamoja na ramani. Ukikuta umegawanywa kwa toise, kipimo cha kale cha Kifaransa, moja ni mita 1.949. Kwa cheni za Kiingereza, moja ni futi 66, yaani mita 20.12.

#7 Bi_Nyaraka

Mmemaliza karatasi, tuje kwenye majina. Kabla ya yote, sisi tuna tatizo letu la lugha: "mtaa" kwa Kiswahili ni mstari wa njia na ni eneo la watu pia. Katika miji ya kale ya mwambao mtaa ni kundi la nyumba, halina mwanzo wala mwisho kama barabara. Kwenye jedwali lenu andikeni wazi, hili ni jina la njia au la eneo. Msipofanya hivyo mtakuja kutafuta kona za kitu kisicho na kona.

Majina yanayofaa zaidi kwa historia ni yale yanayotaja kitu ambacho hakipo tena. Wall Street ya New York inafuata ukuta wa magogo wa Waholanzi wa 1653. Pearl Street ilikuwa ufukweni. Leo iko ndani, na ukitembea kutoka hapo kwenda majini unavuka Water Street, kisha Front Street, kisha South Street. Kila moja ilikuwa ukingo wa maji wa zama zake, kifusi kikazidi kumwagwa. Mpangilio wa majina peke yake unakuchorea jinsi ardhi ilivyoliwa kutoka mtoni. Graben ya Vienna maana yake handaki. Fleet Street ya London inataja mto ambao sasa unapita chini ya lami. Reeperbahn ya Hamburg ni uwanja wa wasokota kamba, na kazi ile ilihitaji mahali parefu palipo wazi na palipo nyooka. Ukikuta njia nyoofu isiyoelekea popote pa maana kwenye mji wa bandari, ulizia kamba.

Ila jina lisomwe kwa lugha ya walioliweka. Mji wa York una mitaa ya Coppergate na Micklegate. Mswahili akiona "gate" anasoma geti, na hata Mwingereza hufanya hivyohivyo. Hapana: inatokana na *gata* ya lugha ya kale ya Skandinavia, yaani mtaa. Mageti yenyewe ya ukuta wa York yanaitwa "bar". Na Coppergate haina shaba, ni mtaa wa mafundi wa vikombe vya mbao. Mtu akipanga ukuta wa mji kwa kuunganisha mitaa yenye "gate" atachora ukuta wa ndotoni.

Majina ya siasa ni ya aina nyingine. Hayakwambii chochote kuhusu ardhi, lakini yanafunga tarehe vizuri. Stalinallee ya Berlin: 1949 hadi 1961. Picha au barua yenye jina hilo imebanwa humo, isipokuwa mwandishi alikuwa mbishi. Lakini angalieni jinsi lilivyoondoka. 1949 jina hilo lilimeza Große Frankfurter Straße pamoja na sehemu ya Frankfurter Allee. 1961 likagawanywa, upande wa magharibi ukawa Karl-Marx-Allee na wa mashariki ukarudia Frankfurter Allee. Ukiandika "Stalinallee = Karl-Marx-Allee" nusu ya nyumba umezipoteza.

Na jina huweza kurudi. Uwanja maarufu wa Paris ulikuwa wa Louis XV, 1792 ukawa wa Mapinduzi, 1795 Concorde, 1814 Louis XV tena, 1826 Louis XVI, kisha 1830 Concorde. Maandishi yanayosema "Concorde" yanaweza kuwa ya kabla ya 1814 au baada ya 1830.

Aina ninayoipenda kuliko zote ni jina lililotafsiriwa. Dar es Salaam, Unter den Akazien ya Wajerumani ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, halafu Independence Avenue, halafu Samora Avenue. Badiliko la kwanza ni lugha tu, miti ni ileile, ndipo yaliyofuata yakageuza maana. Nairobi, Bazaar Street ikawa Biashara Street. Ukikuta tafsiri ya aina hii una uzi imara wa kufuata, kwa sababu jina jipya limemshika mkono la zamani. Linganisheni na Delamere Avenue kuwa Kenyatta Avenue. Hapo hakuna kinachounganisha isipokuwa ramani au gazeti la serikali.

#8 Mtaa_wa_Nane

Bi Nyaraka shikamoo. Na pale ambapo ramani inasema jina moja na watu wanasema jingine?

#9 Bi_Nyaraka

Marahaba. Andika yote mawili, kila moja kwenye mstari wake, na safu inayosema "rasmi" au "la mdomoni". Petticoat Lane ya London ilibadilishwa rasmi kuwa Middlesex Street karne ya 19, na hadi leo soko linaitwa Petticoat Lane. Usilifute la mdomoni kwa kudhani ni kosa, na usilipe tarehe ya mwisho kwa sababu tu ramani imeliacha.

Tahajia nayo. Istanbul ramani za Goad za 1904 hadi 1906 ziko kwa Kifaransa, zile za bima za Pervititch zilianza 1922, na miaka sita baadaye, 1928, Uturuki ikahama kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini. İstiklal Caddesi ya leo utaikuta kama Grande Rue de Péra na kama Cadde-i Kebir. Tafuteni kwa mashina ya neno, msitafute kwa herufi kamili.

#10 Namba_Zimeruka

Sijaona mtu aliyegusa namba za nyumba, na huko ndiko watu wengi wanakopotelea. Jina hata likibaki, namba huhama.

Berlin ilianza 1799 na mtindo wa kiatu cha farasi: namba zinapanda upande mmoja wa mtaa hadi mwisho, zinavuka, zinarudi upande wa pili. Kwa hiyo namba 1 na namba ya mwisho zinatazamana. Mtindo wa witiri upande huu na shufwa upande ule uliingia huko 1929, na mitaa mingi ya zamani haikuguswa. Kurfürstendamm ni mfano mzuri wa kovu: namba zake zinaanza 11, kwa sababu kipande cha mwanzo kilimegwa 1925 kikawa sehemu ya Budapester Straße.

Paris, amri ya 1805: shufwa kulia, witiri kushoto. Mitaa inayokwenda sambamba na mto Seine inahesabiwa kufuata maji yanakoelekea, mingine inaanzia upande wa mto. Hata rangi zilitofautiana, nyekundu kwa mitaa iliyo sambamba na nyeusi kwa mingine. Ukijua kanuni hiyo unaweza kukisia nyumba iko mwisho upi wa mtaa kabla hujafungua ramani.

Chicago ilihesabu upya 1909, na katikati ya mji 1911, kuanzia makutano ya State na Madison, namba 800 kwa maili. Anwani ya 1905 ukiitafuta kwa namba hiyohiyo leo utafika kwenye nyumba ya watu wasiohusika.

Dawa ni vitabu vya anwani vya mji, kama Kelly's kwa London. Msikimbilie orodha ya majina ya watu, fungueni orodha ya mitaa. Humo nyumba zimepangwa kwa kufuata mtaa, na kila njia inapokatiza wanaandika "hapa pana mtaa fulani". Hivyo unapata kwamba namba 47 iko kati ya kona hii na kona ile, nyumba ya tatu kutoka kona. Kona hizo zitafute kwenye ramani ya miaka hiyohiyo. Hesabu majengo. Kisha hamisha jengo, si namba, kwenda ramani ya leo.

Ukitaka kugundua mwaka wa kuhesabu upya, fuata mpangaji asiyehama: baa, kanisa au duka la dawa la kona. Likiwa namba 12 kitabu cha mwaka huu na namba 31 cha mwaka ujao, huku majirani wake wawili ni walewale, hapo namba zimebadilishwa. Majirani wakibadilika pia, amehama. Na kumbuka kitabu cha mwaka fulani kilikusanywa mwaka uliotangulia, kwa hiyo badiliko linaweza kuonekana kwa kuchelewa.

#11 KonaYaPili

Nimeelewa kuhusu pointi, zinasambazwa upya. Swali la mwisho: jedwali liwe na safu gani, na nikishapata mtaa uliopotea niuweke wapi wengine wauone?

#12 Mpima_Karatasi

Mstari mmoja kwa kila jina kwa kila kipande cha njia, si mstari mmoja kwa kila mtaa. Safu: jina kama lilivyoandikwa (usirekebishe tahajia), kona ya kuanzia, kona ya kuishia, mwaka wa kwanza kuonekana, mwaka wa mwisho kuonekana, mwaka wa amri kama upo, rasmi au la mdomoni, na chanzo pamoja na namba ya karatasi. "Kuonekana" na "amri" zisichanganywe kamwe. Ramani huendelea kuchapwa na jina lililofutwa, na jina jipya hutumika mtaani kabla halijaandikwa. Tarehe ya amri inatoka kwenye gazeti la serikali au kumbukumbu za vikao vya halmashauri. Kwa London, baraza la kaunti lilichapa orodha za majina ya zamani na mapya, anzia huko kabla hujafungua ramani hata moja.

Kuhusu pa kuweka: mtaa ambao bado upo na jina tu limebadilika, OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ina lebo ya old_name. Mtaa uliofutika kabisa usiuweke huko, watauondoa na watakuwa na haki. Upeleke OpenHistoricalMap, ramani huria ya vitu vya zamani, ukiwa na start_date na end_date. Usiandike mwaka wa ramani yako kama mwaka wa kuanza. Kama unachojua ni kwamba ulionekana karibu na 1896, lebo ya start_date:edtf inapokea 1896~, na hicho kiwimbi mwishoni ndicho kinachomwambia anayefuata kwamba mwaka ni wa kukadiria.